Nyuzi Sita

Baba yangu, Balikowa, alipiga ribiti kwa nyundo
miaka thelathini na mitatu, hapa hapa Walukuba:
masanduku ya bati ya watoto wa bweni,
kila Januari foleni mpaka kwenye mtaro.
Ribiti kumi na nane kwa sanduku,
mapigo manne kwa ribiti.
Piga hesabu wewe. Masikio yake yalichoka kuhesabu,
yakafunga duka kabla yake.
Nyumbani tulizungumza kwa sauti ya sokoni.
Siri hatukuwa nazo;
jirani alijua ada tuliyodaiwa, na shule gani.

Mimi, Kagoya, niko ng'ambo ya reli,
kiwanda cha viti vya magurudumu.
Mashine yangu ilifika imeshatumika, ndani ya kreti,
kibao cha jina lake kimekwanguliwa.
Opolot aliyeifunga akatutangazia: "Hii haipigi."
Tukacheka. Chuma kisichopigwa kinasikia la nani?

Basi tazama.
Ncha yake imeinama nyuzi sita, si zaidi,
kama mtu anayechungulia kisima.
Inazunguka, na katika kuzunguka
inagusa upande mmoja tu wa kichwa cha ribiti,
inausogeza kidogo, inahamia wa jirani,
inarudi kabla wa kwanza haujasahau.
Mama hapigi posho kwa mwiko.
Anauegemeza kwenye ubavu wa sufuria, anasonga,
upande, na upande, na upande,
mpaka donge linakubali.
Ndivyo hivyo. Sekunde mbili na nusu.
Mngurumo wake ni wa paka aliyeshiba mukene.

Siku za mwanzo nilikuwa na pupa.
Nikaongeza muda, nikaongeza shinikizo,
nikajiambia kukaza ni kukaza.
Ribiti ikavimba tumboni, ikajaza tundu,
vyuma vikashikana kama ndugu kwenye kesi ya shamba.
Viti arobaini na kimoja vikakataa kukunjwa.
Nilivitoboa vyote kwa kekee, Jumamosi nzima,
vumbi la chuma mpaka ndani ya chapati yangu.
Opolot hakunigombeza.
Alikata kiungo kimoja katikati kwa msumeno,
akakileta dirishani penye mwanga:
"Hapa kishike. Hapa kipumue.
Unene wa karatasi ya daftari, basi."

Nilichana daftari la mwanangu la hesabu.
Karatasi ile bado iko mfukoni mwa ovaroli,
imeingia mafuta, mgawanyo wake haujakamilika.

Mwezi uliopita nilimleta Baba.
Alisimama kando ya mashine, macho kayafinya,
akisubiri kishindo ambacho hakingekuja
na ambacho, kingekuja, asingekisikia.
Akaweka kiganja juu ya meza ya chuma.
"Imeanza?" akauliza,
kwa sauti iliyogeuza shingo za kiwanda kizima.
Nikamwashiria: imemaliza.

Akainua kiti, akapapasa kichwa cha ribiti kwa dole gumba,
akitafuta kovu.
Masanduku yake aliyatambua popote,
hata juu ya basi lililosimama Iganga:
nyundo yake ilivuta kushoto,
ikaacha mwezi mwandamo kwenye kila ribiti.
Hapa palikuwa laini kama kifungo cha shati.
"Sasa," akasema, "nani atajua ni wewe?"

Sikuwa na jibu,
na ningekuwa nalo ningelazimika kulipigia kelele.
Kisha umeme ukakatika, kama ilivyo ada
ya mji huu unaowasha taa za wengine.
Mashine ikanyamaza, tofauti haikuwa kubwa.
Katika giza lile nikasikia kiti
kinakunjwa, kinafunguliwa,
kinakunjwa.
Kiungo hakikulia, wala hakikucheza.
Kinafunguliwa. Kinakunjwa.
Mara ngapi, sijui.
Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu.